Naandika riwaya ya wanawake wawili wa zama mbili, wa zamani yuko hai, wa leo amenifia mkononi. Naombeni msaada

karafuu_na_mvua

Assalam aleikum na habari za jioni wote. Naomba msaada wenu maana nimekwama na nyumbani hakuna wa kumuuliza, wote wanaona napoteza muda tu.

Naandika riwaya ya mapenzi, huu mwaka wa pili. Ni zile hadithi zinazokwenda na wanawake wawili, mmoja wa zamani mmoja wa leo, chapta hii uko kwa huyu chapta inayofuata uko kwa mwenzake, mpaka mwisho ndo unakuja kujua kilichowaunganisha. Nimesoma nyingi sana za wazungu na nazipenda kweli kweli, ila kila ukifungua ni ngome ya Scotland au mashamba ya mizabibu Ufaransa, nikawa najiuliza kwani sisi pwani hatuna nyumba zenye siri? Mimi nakaa Dar ila upande wa mama ni Malindi Unguja, nimekulia kwenye nyumba ambayo kuna chumba watoto hatukuruhusiwa kuingia na mpaka leo sijaambiwa kwanini.

Basi hadithi yenyewe iko hivi. Zamani ni 1866. Kuna kijakazi anaitwa Faida, anamtumikia Sayyida Salme binti Said, yule binti wa Sultani aliyependana na mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, mapaa ya nyumba zao yalipakana, akashika mimba, na August 1866 akatoroshwa usiku kwa manowari ya Kiingereza Highflyer mpaka Aden. Mimi simwandiki Salme mwenyewe, namwandika yule aliyebaki nyuma. Nimempa mapenzi na mtoto wa kiume wa bwana mmoja mkubwa wa pale mjini. Anaandika barua, anaificha kwenye ukuta wa Beit al-Ajaib, lile jumba la Masultani pale Mji Mkongwe.

Leo ni 2021, kuna dada anaitwa Rahma, yuko na mafundi wanaokarabati baada ya Beit al-Ajaib kuporomoka December 2020, barua inadondoka ukutani, anaanza kumtafuta Faida ni nani. Humo humo anapendana na injinia.

Shida zangu sasa. Kwanza Rahma hana uhai, kila chapta yake anasoma barua, anakunywa chai, anashangaa, basi. Pili ile barua ya ukutani, hata mimi nikiisoma naona nimeiona mahali, ni lile kasha la darini la hadithi za wazungu, mnamokutwa barua za zamani, mimi nimelipaka chokaa tu. Tatu ndo inaniumiza zaidi, nilimpa dada yangu asome akanirudishia akaniambia "huyu mtoto wa bwana si mpenzi wake, ni mwenye mali." Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Nifanyeje?

---

Mwl_Pangani

Binti yangu karafuu, wa aleikum salaam. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mstaafu, riwaya za mapenzi nimezisoma kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa wakizificha chini ya dawati, nilikuwa nawanyang'anya kisha nazisoma usiku, kwa hiyo hili nalijua.

Rahma wako hana uhai kwa sababu hana cha kupoteza. Faida akikamatwa na barua anaadhibiwa au anauzwa. Rahma asipoisoma ile barua kinatokea nini? Hakuna, anakwenda nyumbani kula. Msomaji ana akili, kila ukimtoa kwa Faida anaruka kurasa kumtafuta tena. Sasa usimwongezee Rahma vituko, mpe jambo ambalo majibu yake yako kwa Faida tu na linamuuma leo hii.

Na jambo hilo sisi pwani tunalo, wala huna haja ya kwenda mbali. Posa. Kijana kaja na wazee wake, upande wa kijana wanauliza nasaba, huyu binti ni wa nani, babu yake nani, bibi yake alitoka wapi, ni kufu yake, yani wa hadhi sawa naye, au si kufu. Nimeona kwa macho yangu posa zimevunjika kimya kimya, hapana ugomvi, watu wamekunywa kahawa wakaondoka na baadae jibu likaja kwamba "kijana bado anasoma". Kumbe kuna mzee mmoja kaulizwa akasema neno moja tu kuhusu bibi mzaa bibi. Neno hilo unalijua na mimi nalijua.

Kwa hiyo Rahma asimtafute Faida kwa udadisi. Amtafute kwa sababu kuna mtu anampenda na mama wa huyo mtu kauliza. Hapo kila karatasi anayofungua inaweza kumvunjia ndoa yake au kumpa heshima ya kusimama mbele ya yule mama. Halafu injinia mwondoe, au mfanye yeye ndiye mwenye mama huyo.

---

mwanaMkunazini

Mwalimu kasema kweli tupu Mungu ampe umri. Mie nakuja kwenye mambo ya nyumbani kwetu shoga yangu, usikasirike, nakwambia kwa sababu nataka kitabu hichi kitoke na sisi wa mjini tukisome bila ya kusimama simama.

Beit al-Ajaib kajenga Sayyid Barghash 1883. Faida wako 1866 kaificha vipi barua kwenye ukuta ambao haupo? Ama usogeze mwaka ama usogeze ukuta. Na kama barua ni karatasi, kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinatoka maji masika yote, na mchwa unawajua. Karatasi miaka 150 humo? Haiwezekani, itakuwa ishaliwa.

Halafu nilikuuliza inbox ukanitumia ile chapta ya tatu, Faida kavaa kanga yenye maneno ya mapenzi. 1866 hakuna kanga ya maneno. Kanga yenyewe imekuja miaka ya mwisho mwisho ya karne ile na maneno yakaja baada ya hapo. Mjakazi wa wakati ule ni kaniki au merikani, basi. Na buibui pia hakuna, buibui ni mambo ya karne iliyofuata, mabibi wakubwa walikuwa na barakoa usoni na shela, na mjakazi hajifuniki, kujifunika ilikuwa ni alama ya muungwana. Hilo usilipite haraka, hebu fikiria siku ya kwanza mwanamke aliyekuwa mtumwa anajitanda nguo kichwani na kutoka nayo njiani watu wanamwona. Mie ningeandika kurasa kumi kwa siku hiyo moja tu.

Na kuhusu jina, Faida umelipatia kweli. Zawadi, Faida, ni majina wakipewa na wenye mali, na Siti binti Saad wetu, yule mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba akapewa jina Mtumwa, hebu sikia, mtoto anaitwa Mtumwa, ndo baadae akaitwa Siti ambayo ni bibi wa heshima. Mwanamke mmoja majina mawili na ndani yake mna karne nzima.

Sasa njoo nikupe kitu. Nimekaa nacho muda mrefu mie si mwandishi, kichukue.

Zamani wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Na sisi tuliosoma chuoni, chuo cha Kurani, tunaweza kuzisoma zile herufi hata kama hatujui Kiarabu. Lakini Kiarabu hakina p, hakina v, hakina g, na waandishi wa zamani wengi wakiacha ile n na m ya mwanzo, yani mb wanaandika b tu, nd wanaandika d tu. Mbali inaandikwa bali. Msomaji mwenyewe ndo anajua kwa maana ya maneno. Na o na u ni alama moja.

Chukua neno NDOA. Ukiliandika kwa mtindo ule unapata herufi d, w na a. Hebu lisome. Linasomeka ndoa. Linasomeka DOA. Linasomeka DUA vile vile kwa mtu aliyeandika kwa kusikia tu hajui kama dua ya Kiarabu ina herufi 'ain. Na kama zile irabu za juu na chini zimefutika linasomeka hata DAWA.

Neno moja. Tuseme mpenzi wa Faida anaitwa Mabruki, na Faida kaandika: Mabruki kaniachia ndoa. Mabruki kaniachia doa. Mabruki kaniachia dua. Mabruki kaniachia dawa. Je ukoo mzima umelisoma "doa" kwa miaka mia na zaidi wakamficha yule mwanamke ndani ya chumba kile cha watoto wasiingie?

---

karafuu_na_mvua

Nimesoma hii mara tano. Nimeisoma kwa sauti. Mikono inanitetemeka wallahi.

mwanaMkunazini hili umenipa bure namna hii?

---

mwanaMkunazini

Chukua. Ila angalia usiandike "yangu" wala "langu" baada ya neno hilo, maana ukisema yangu ishakuwa si doa, na ukisema langu ishakuwa ni doa. Acha neno limalize sentensi peke yake.

---

Zai_wa_Altona

Habari zenu. Mimi niko Hamburg mwaka wa kumi na moja sasa, na nimeona mnamtaja Salme nikaona niandike kwa sababu hapa makaburini Ohlsdorf ndiko alikozikwa. Nimekwenda mara tatu. Ukiambiwa unakwenda kwa kaburi la binti wa Sultani wa Unguja unategemea kitu kikubwa, kumbe ni kaburi la familia ya mume, Ruete, jina lake limo humo na la Emily alilobatizwa Aden 1867. Alizikwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar aliokuwa akitembea nao. Alifariki Jena 1924 akiwa bibi wa karibu miaka 80. Mume alimfia kwa ajali ya tramu mwaka 1870, miaka mitatu tu tangu wafike Hamburg, akabaki na watoto watatu wadogo ambao mkubwa alikuwa na miaka miwili, kwenye baridi, lugha si yake, na nyumbani hatakiwi kurudi. Yule mtoto wa kwanza aliyemzalia Aden alikufa wakiwa njiani kuja Ulaya. Mtu akiniambia hiyo ni hadithi ya mapenzi namwambia ndio ni ya mapenzi, ila kaisome yote mpaka mwisho usiishie kwenye ile manowari.

Lakini karafuu nataka kukutahadharisha. Salme kwenye kumbukumbu zake alizochapisha 1886 aliutetea utumwa wa kwetu, aliandika kwamba si sawa na ule wa Wazungu Marekani na kwamba wasiojua wasihukumu. Hapa Hamburg walimpa uwanja jina lake 2019 kisha watu wakayasoma hayo maneno na ikaamuliwa jina liondolewe. Kwa hiyo ukiweka kijakazi pembeni ya Salme halafu ukafanya wawe kama mashoga wawili wanaoambizana siri, msomaji anayejua atakuuliza. Salme alikuwa na uhuru wa kutoroka, hata kama aliulipia kwa maisha yake yote. Faida angetorokea wapi?

Mimi nampenda Salme, namlilia pale kaburini. Ila simwamini kwenye hilo.

---

Bi_Raskazone

Kwa hapo kwa Zai nakubaliana asilimia zote, na dada yake karafuu alisema kweli. Naomba tuseme wazi. Mapenzi ni pale mtu anapoweza kukataa. Mtoto wa bwana anamwita mjakazi chumbani, mjakazi anakataa, nini kinafuata? Kama jibu ni kwamba atapigwa au atauzwa basi usituandikie mwezi mchanga na harufu ya asumini. Nimechoka kusoma hizo, wanamwandika mwanamke aliyenunuliwa eti anapenda aliyemnunua kwa sababu ana macho mazuri.

Mpe Faida mtu wa kumchagua mwenyewe. Hamali wa bandarini, baharia, yeyote asiyekuwa na hati yake mkononi.

---

mwanaMkunazini

Bi Raskazone shikamoo. Mie sikupingi ila nataka tusipite hapo mbio. Masuria, wale wajakazi bwana aliowaweka kama wake, walikuwa ni wanawake wenye hila na akili na mahesabu yao. Sayyid Said bin Sultan alipokufa 1856 aliacha watoto 36 na wote mama zao ni masuria, Salme mwenyewe mama yake Jilfidan alitekwa Circassia akiwa mtoto, wazazi wakauliwa vitani, akaja akawa mama wa binti wa Sultani. Suria akizaa na bwana wake mtoto yuko huru na anarithi sawa na watoto wengine, na mama bwana akifa anakuwa huru, hauzwi. Nusu ya mji huu tumetoka humo, mie pia. Siwezi kumwandika bibi yangu kama mtu asiyekuwa na kitu ila machozi. Alikaa humo ndani akajenga kitu.

---

Bi_Raskazone

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa na sitaki bibi yako awe machozi tu. Nachosema ni kwamba kujenga kitu ndani ya nyumba usiyoichagua si sawa na kupenda, na riwaya ya mapenzi ikichanganya hayo mawili inamdhulumu yule bibi mara ya pili. Anaweza kuwa na akili, akawa na mahesabu, akalea watoto, na moyo wake ukawa kwa mtu mwingine kabisa huko bandarini. Hiyo nitaisoma mpaka asubuhi.

---

faili_la_kilimani

Habari, mimi huwa nasoma tu humu siandiki ila leo imebidi. Nimewahi kufanya utafiti wa chuo pale Nyaraka Kilimani na nina wazo kuhusu mwaka wako.

Achana na 1866, njoo 1896 mpaka 1909. Sababu zangu ni hizi. Tarehe 25 August 1896 anakufa Sultani Hamad bin Thuwaini, Khalid bin Barghash, aliyetaka kiti chake, anajifungia kwenye kasri, na tarehe 27 saa tatu na dakika mbili asubuhi manowari za Waingereza zinaanza kupiga, dakika kama 38 hivi kila kitu kimekwisha, watu wapatao 500 wamekufa na kujeruhiwa. Nyumba ya wanawake ikapigwa, Beit al-Ajaib ikasalimika. Kwa hiyo Faida wako anaweza kuwa humo humo kasrini na ukuta wako unakuwepo, ulishajengwa.

Halafu April 6, 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed anatoa dikrii ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria. Na hapa ndo pa kusoma kwa makini kabisa. Haikuwa kwamba watu wameamka huru. Mtu alitakiwa yeye mwenyewe aende mahakamani kuomba, aeleze ana pa kukaa na atakula nini, na mwenye mali akalipwa fidia na serikali. Na masuria wakatolewa. Sheria ikasema suria ahesabiwe kama mke, abaki alipo, asiweze kuondoka kama mjakazi mwingine labda athibitishe kateswa au hakuzaa mahakama ikaridhia akombolewe. Ilikaa hivyo mpaka 1909.

Sasa tazama hadithi yako inavyojipanga yenyewe. Faida ana Mabruki wake, hamali, mtu huru. Wanataka kuoana. Kabla ya 1897 ndoa ya mjakazi inataka idhini ya bwana na mtoto atakayezaliwa ni mali ya bwana wa mama. Dikrii inatoka, Mabruki anashangilia, wanakwenda mahakamani pamoja asubuhi, na pale mbele ya hakimu bwana anasimama anasema huyu si mjakazi, huyu ni suria wangu. Neno moja tu hilo. Akikubaliwa, Faida anarudi ndani kwa miaka 12.

Miaka 12 Mabruki anangoja au hangoji, hapo ni kazi yako wewe.

---

karafuu_na_mvua

Mimi nalia hapa kwenye daladala watu wananiangalia.

---

Mwl_Pangani

Kijana wa Kilimani ahsante sana. Naongeza dogo. Umeona sasa zama mbili zinavyoulizana swali moja? 1897 mbele ya hakimu wanauliza huyu mwanamke ni nani, mke, suria, mjakazi? 2021 mbele ya wazee wa posa wanauliza huyu mwanamke ni wa nani. Na mara zote mbili mwanamke mwenyewe yupo pale pale anasikia anavyojadiliwa. Binti yangu, ukifika hapo huna haja ya kuunganisha kwa barua, zimeshaungana. Barua sasa itakuja kuongeza uchungu tu.

Angalizo moja la ufundi, usimalize kila chapta kwa kishindo. Wengi wanaoandika zama mbili wanafanya hivyo kumvuta msomaji arudi, baada ya chapta sita anachoka. Chapta nyingine imalizie mtu anafua.

---

binti_kengeleni

Niaje watu wa Unguja, mimi niko Mombasa, Kisauni. Hapa kwetu kuna kengele pale Kengeleni, ndio jina likatoka hapo, ni ya Freretown, kijiji cha wamisheni walichoanzisha 1875 kwa watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa. Nyanya yangu alikuwa akituambia ile kengele ililia kuwaita watu wa pale wakiona jahazi la kuwafuata, sijui ni kweli vipi lakini ndivyo tulivyoambiwa. Familia yetu ina majina ya Kizungu ya ubatizo toka wakati huo na hakuna anayejua jina la kwanza la mama mkubwa wetu aliyetolewa jahazini, lilibaki huko baharini.

Kwa hivo karafuu nataka kuomba kitu kama msomaji. Hizi hadithi za wanawake wawili mwishowe huyu wa leo hupata kila kitu, jina, picha, kaburi, mpaka mchumba. Sisi wengine hatukupata. Kwenye kitabu chako achia kitu kimoja Rahma asikipate kabisa, na asikipate kweli, si kwamba kitakuja kitabu cha pili. Mimi nitajiona humo.

Na kama unataka kitu cha kuunganisha kando na barua, si lazima kiwe kitu cha kushikwa. Mwana Kupona wa Pate alikuwa mgonjwa 1858 akamtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia, na ule utendi umetembea kwa midomo ya wanawake, mama kwa mtoto, kabla watu wa vitabu hawajaufikia. Maneno yanaweza kukaa kwa mdomo muda mrefu kuliko karatasi ukutani. Labda nyanyake Rahma ana wimbo wa kubembeleza mtoto una neno hilo moja na wote wanaliimba doa.

---

mwanaMkunazini

Binti Kengeleni umeniua. Wanaliimba doa! Mtoto anabembelezwa na doa vizazi vitano!

Basi nimalizie langu la ukuta. Karatasi haikai lakini mfupa unakaa. Watoto wa chuoni zamani wakiandikia juu ya mfupa wa bega la ngamia, ndo ubao wao, na Salme mwenyewe alijifunzia kuandika hivo hivo kwa siri kwa kunakili herufi za msahafu, maana wasichana wakifunzwa kusoma tu, kuandika hapana. Faida ni mjakazi wa ndani, kawaona watoto wa nyumba wakiandika, kaokota mfupa uliotupwa. Wino umefifia, nukta na irabu zimeondoka. Na asiuweke kwenye ukuta wa kasri, auweke kwenye kidaka cha ukutani cha nyumba ile ya Malindi nyuma ya plasta, kwenye kile chumba chako ulichokatazwa kuingia ukiwa mtoto. Hapo hata ukitaka kuandika uongo huwezi, utaandika unachokijua.

---

karafuu_na_mvua

Nimechelewa kujibu, siku nne hizi nilikuwa naandika. Nimefuta 1866 yote, kurasa 140. Nilidhani itaniuma, haikuuma. Salme nimembakiza kwenye mstari mmoja, mwaka 1885 anaporudi kuja kudai haki yake kwa Barghash, Faida ni mtoto wa miaka saba hivi, anamwona kwa mbali bandarini mwanamke wa Kiarabu kavaa nguo za Kizungu anaangalia nyumba, basi, hajui ni nani na hatakuja kujua.

Mtoto wa bwana ameondoka. Bi Raskazone nimekusikia, na mwanaMkunazini nawe nimekusikia, Faida ni suria na ana watoto wawili na bwana na anawapenda, na ana ufunguo wa stoo na anajua hesabu ya kila gunia la karafuu mle ndani, na moyo wake uko kwa Mabruki, na vyote vinne ni kweli kwa wakati mmoja. Ilikuwa ngumu sana kuandika ile chapta anayogundua kwamba watoto ndio waliomfunga, kwamba asingezaa angeweza kuomba akombolewe. Niliiandika nikasimama nikaenda kuoga.

Binti Kengeleni, kitu ambacho Rahma hapati ni Mabruki. Haijulikani kama alingoja. Nimejaribu kujua hata mimi mwenyewe nimeshindwa.

Nimempigia mama simu kumuuliza kuhusu kile chumba. Alinyamaza kidogo akasema njoo Ijumaa.

Na nimeandika ile ya posa. Rahma amekaa sebuleni na mfupa umefunikwa kitambaa, wazee wa kijana wako upande ule, mama yake Rahma ametulia hatazami mtu. Yule mama wa kijana anasema basi tusomee. Rahma anaweka kidole kwenye neno la mwisho anasoma kama alivyofundishwa na bibi yake, doa. Chumba kimya. Mama yake, ambaye kitabu kizima hajasema lolote kuhusu jambo hili, anasema, "Hebu soma tena."